Maji Niliyochemsha Mpaka Yakabaki Nusu

"Huyu ndiye anayemuua mtoto."

Mama Marcelina aliyasema hayo kwenye msiba wa jirani, kijiji kizima cha Suguti kinanitazama, huku anamfungua Burito mgongoni kwangu kama anashusha mzigo.

Sikulia. Nilibaki na kanga mkononi, bado ina joto lake…

Ngoja niwaeleze, ndugu zangu mnaosoma.

Dada yangu Flora alifariki akijifungua Burito. Mume wake, Magesa, mtoto wa Mama Marcelina, anavua kisiwani Rukuba, anakujaga mara moja kwa mwezi. Mimi nikatolewa kwetu Butiama nije kulea, nyumbani kwa Magesa, Suguti. Nina la saba tu, ila nesi akisema kitu nakishikaga: maziwa ya kopo, kijiko sawasawa, maji yachemshwe.

Nikawa nachemsha. Kisima cha pale nyumbani kipo hatua kama kumi na tano kutoka zizini. Marehemu babu yake Magesa alikichimba pale ili ng'ombe wasihangaike, na kila mgeni alikisifia.

Mtoto alipofika miezi miwili, midomo ikaanza kuwa ya bluu. Kucha nazo. Homa hana, kikohozi hana.

Nikaona labda sichemshi vya kutosha. Nikawa naacha sufuria motoni mpaka maji yanabaki nusu.

Akazidi…

Ndo siku ile ya msiba bibi yake akamchukua, akaenda naye kwake Kamunyonge, mjini. Siku ya nne akapiga simu.

"Amepona."

"Mungu ni mwema, mama."

"Amepona kwa kuwa hayupo na wewe."

Nilibaki na ng'ombe na kaburi la dada. Majirani wakaacha hata kuja kuomba moto. Na mimi, jamani, nilianza kuamini. Nilikuwaga nageuza viganja vyangu juani, naviangalia. Huenda kweli nina kitu.

Mwezi ukapita. Mama Marcelina akaja kuvuna mtama, Burito mgongoni. Akaniambia nilale jikoni na chupa ya mtoto nisiiguse. Kopo la maziwa akalifungia sandukuni, anachanganya mwenyewe. Mimi nikabaki kuangalia kwa mbali.

Siku ya tatu nikaiona ile midomo.

"Mama, mtoto amegeuka."

"Umemgusa?"

"Nimgusie wapi? Ufunguo unao wewe."

Alimfunga Burito mgongoni, akatoka kuita pikipiki.

Tulipanda pikipiki mpaka hospitali, mjini. Damu waliyomtoa ilikuwa ya kahawia, kama kakao. Daktari akauliza mtoto anatumia nini. Mama Marcelina akaanza kuninyooshea kidole, mimi nikasema nilichokiona.

"Mjini anatumia maji ya bomba, mzima. Suguti ya kisima, anageuka. Mikono ya kuchanganya imebadilika, dokta. Maji ni yale yale."

"Kisima kipo jirani na nini?"

"Zizi."

Akaweka kalamu chini. Akatueleza kuna kitu kinaitwa naitreti, kinatoka kwenye samadi na mkojo wa ng'ombe, kinazama ardhini mpaka kisimani. Mtu mzima anaweza asikisikie. Mtoto mchanga kinaizuia damu yake kubeba hewa. Akamchoma dawa, na ajabu yake, dawa yenyewe ya bluu. Saa moja haikuisha, midomo ikarudi rangi yake.

Mama Marcelina alikuwa anaangalia sakafu.

Nikajua yameisha. Nikauliza tu, nipate na mimi kusifiwa kidogo:

"Dokta, mimi nilikuwaga nachemsha mpaka yabaki nusu. Si ilisaidia?"



"Hapana, dada. Moto unaua vijidudu. Hii haifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, inakolea."

Kumbe kila nilipoongeza kuni… nilikuwa namkolezea.

Siku hizi nachota bomba la shule, mwendo wa saa nzima. Mama Marcelina hajaniomba msamaha. Ila juzi alinipa chupa tupu na ule ufunguo, akasema, "Changanya wewe."

Nilichanganya. Kijiko sawasawa, maji ya bomba.

Wewe mwenye mtoto mchanga na kisima kilicho karibu na zizi au choo, usijiamini kwa kuwa umechemsha. Kapimishe maji. Na kabla hujamwita mtu muuaji, uliza kwanza alichota wapi.