Ubani wa Mama Karafuu

Jikoni kwa Mama Karafuu harufu ya karafuu na mnanaa haikuisha. Jina hilo alipewa na mumewe, fundi viatu, aliyesema nguo za mkewe zinanukia kuliko kopo la viungo. Mama Karafuu alitengeneza ubani wa kutafuna. Aliyeyusha utomvu wa mti kwenye sufuria, akatia karafuu iliyosagwa, mnanaa na majani ya mwarobaini. Kisha aliukata vipande vidogo, akavitia kwenye pakiti zilizoandikwa "dawa" na kuviuza. Mtaa mzima uliuita dawa ya meno.

Mwanzoni watoto waliutema, kwa kuwa mwarobaini ni mchungu. Basi akaongeza sukari.

"Si utaozesha meno hayo hayo?" mumewe aliuliza.

"Uchungu wa mwarobaini utaua ubaya wa sukari. Wewe shona viatu, ya jikoni niachie."

Mume akarudi kwenye viatu vyake. Nani abishane na mwenye sufuria?

Aliyeupenda ubani zaidi ni binti yao wa mwisho, Kitinda. Aliubana shavuni akalala nao. Mswaki wake ulikauka kwenye kikombe. Mama aliuona, wala hakujali. Mtoto ana dawa mdomoni, mswaki wa nini tena?

Jino lilipoanza kumsumbua, mama alimwongezea ubani. Maumivu yakatulia. Yaliporudi, akamwongezea tena. Mpaka asubuhi moja Kitinda aliamka shavu limevimba, hata maji hayapiti.

Wakaenda kliniki ya meno. Kwenye benchi alikaa jirani yao na mwanawe.

"Mama Karafuu, na wewe umekuja huku?" jirani akasema. "Mimi nimemleta huyu apimwe tu. Anatafuna dawa yako kila siku."

Mama Karafuu alicheka kidogo, akatazama sakafu.

Ndani, tabibu wa meno alimulika tochi mdomoni mwa Kitinda.

"Unakula vitu vitamu sana, mwanangu?"

"Hapana, daktari. Mama hataki tule peremende. Natafuna dawa tu. Hata nikilala ninayo."

Kitinda akatoa kipande mfukoni kwa fahari. Tabibu akakionja.

"Humu mna sukari, dada."

"Kidogo tu, ya kuondoa uchungu," mama akasema. "Si mwarobaini unaimaliza nguvu?"

"Hauimalizi. Mdomoni mna vijidudu. Vikipata sukari hutoa tindikali, na tindikali hutoboa jino. Mtoto huyu analala na sukari shavuni, na meno yake yanaonyesha hapigi mswaki."

"Mbona maumivu yalikuwa yanaacha?"

"Karafuu hutia ganzi. Maumivu yananyamaza, shimo linaendelea."

Aibu ilimpanda mama hadi masikioni. Shimo lile alilitengeneza yeye, kisha akalifunika yeye mwenyewe.

"Gego hili ni la ukubwani," tabibu akaendelea. "Limeharibika mno, inabidi kuling'oa. Halitaota jingine."

Kitinda aliona machozi ya mama, akamshika mkono. "Usilie, mama. Dawa yako ni nzuri. Labda mimi sikutafuna vizuri."

Maneno hayo yalimchoma kuliko yote. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hapana, mwanangu. Kosa si lako. Ni langu."

Jino lilipokwisha kung'olewa, aliuliza kwa sauti ndogo, "Niache kabisa kutengeneza?"

"Si lazima," tabibu akamjibu. "Kutafuna huleta mate, na mate husafisha meno. Toa sukari. Iko zailitoli ya kutia badala yake, ni tamu, lakini vijidudu haviwezi kuigeuza tindikali. Ila hiyo mimea yako haijapimwa, basi usiseme inatibu. Na ubani haushiki nafasi ya mswaki. Mtoto apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi."

Kliniki ilikuwa na mlango wa nyuma. Mama Karafuu aliutazama sana. Lakini mficha uchi hazai. Akapita mlango wa mbele, akasimama karibu na benchi la jirani.

"Jirani, ule ubani usimpe tena mtoto. Nimeutia sukari. Mwambie daktari amwangalie vizuri."

Jirani aliitazama pamba yenye damu mdomoni mwa Kitinda. Alimbeba mwanawe akaingia ndani.

Nyumbani, fundi viatu hakusema "si nilikwambia." Alisugua kiatu ambacho kilikwisha kung'aa.

Mama Karafuu alipika upya kwa zailitoli, bila sukari, na neno "dawa" akalifuta kwenye pakiti. Wateja walipungua, kisha wakarudi polepole. Jino la mtoto wa jirani liliwahiwa, likazibwa. Kitinda alipopimwa tena, hakuwa na shimo jipya.

Siku hizi Kitinda akitoka shule hukaa na mama yake mezani pa kuuzia. Mteja akiuliza kama ubani unatibu meno, yeye hupanua mdomo na kuonyesha pengo.

"Hii si dawa," husema. "Piga mswaki kwanza."

Kila mara mama huinamia sufuria yake kwa aibu. Lakini hajawahi kumwambia afumbe mdomo.