Kompyuta ya Sista Tereza Kwenye Keria

Kila alfajiri kabla ya kwenda shule, Ng'washi aliketi nje ya nyumba yao huko Kabungu na kusukasuka kibuyu cha maziwa mpaka siagi ijitenge. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwenye mikono yenye nguvu na miguu isiyojua kuchoka. Mtu akitaka jambo lifanyike upesi, alimtafuta Ng'washi. Na yeye, tuseme ukweli, sifa hizo zilimpanda kichwani.

Jumapili moja ya mwaka 1998, Sista Tereza, muuguzi wa zahanati, alimtuma parokiani akachukue kompyuta aliyoiacha huko baada ya semina. Ilikuwa kompyuta ndogo ya kukunja, na hapo kijijini haikuwepo nyingine. Ndani yake mlikuwa na majina ya watoto mia sita na tarehe za chanjo zao, kazi ya miezi miwili.

"Uipakate mikononi, mwanangu, na utembee polepole," Sista alimwambia.

Polepole? Ng'washi aliazima baiskeli, akaifunga kompyuta kwenye keria kwa mpira wa tairi, kama alivyofunga vibuyu siku zote, akaikimbiza kwenye barabara iliyochimbwa na mvua za Elninyo. Alifika akijisifu moyoni.

Kesho yake alasiri alimkuta Sista ameshika kichwa. Kompyuta ilikuwa inawaka, lakini mshale kwenye kioo haukusogea, na vitufe havikuitikia. Ukiizima na kuiwasha ilifanya kazi dakika tano, kisha ikaganda tena.

Jumatano akaja fundi Dieudonne kutoka Mpanda mjini, mtu mcheshi aliyetengeneza redio na kompyuta. Aliijaribu, ikamgandia mara tatu.

"Programu zimevurugika, Sista. Inabidi nifute kila kitu, niziweke upya."

"Na majina ya watoto?"

"Yatapotea. Pole sana."

"Chanjo zinaletwa Ijumaa!" Sauti ya Sista ilitetemeka. "Nitamjuaje aliyechanjwa na ambaye bado?"

Ng'washi, aliyesimama mlangoni, aliyasikia yote. Tangu juzi alikuwa ameona jambo: kila Sista alipoisogeza kompyuta, ndipo ilipoganda. Alijua pia maana ya kitu kusukwasukwa. Vilivyokuwa pamoja huachana. Aliogopa, lakini akasogea mezani.

"Shikamoo, fundi. Naomba usifute kwanza. Sista, nisamehe. Sikuipakata. Niliifunga kwenye keria, nikaja nayo mbio."

Sista alimkazia macho, naye Ng'washi akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Nyie watoto!" Dieudonne akaguna, kisha akacheka. "Ungesema mapema ningeanzia hapo."

Aliiwasha tena, akaisubiri ifanye kazi vizuri, halafu akabonyeza kona moja kwa kidole gumba. Ikaganda papo hapo. Akaizima, akachomoa waya wa umeme na betri, akafungua skrubu za mgongoni. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa imechomoka upande mmoja, na waya wa diski ulikuwa umelegea. Alifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, akakandamiza kadi mpaka ikalia tak, akaukaza na ule waya.

"Haya binti, gonga meza."

Ng'washi akagonga. Akagonga tena kwa nguvu zaidi. Mshale ukaendelea kutembea, na majina yakajipanga kwenye kioo. Katikati yake akasoma jina la mdogo wake wa miezi tisa: Malale, surua, bado.

Machozi yakamlengalenga. Sista Tereza akamshika bega.

"Ningetaka haraka, Ng'washi, ningekuambia ukimbie. Nilitaka uangalifu. Kukosa umekosa, lakini leo umesema kweli wakati ungeweza kunyamaza, na ukweli wako ndio umemwonyesha fundi pa kufungua. Kumbuka yote mawili."

Akaikunja kompyuta na kumwekea mikononi. "Ipeleke kabatini. Na Ijumaa uje mapema. Wewe ndiye utakayesoma majina, nami nitachanja. Tutaanza na Malale."

Ng'washi aliipakata kwa mikono yote miwili, akatembea polepole.