Udongo wa Kilcarrow

Udongo ukitiwa kwenye oveni hunuka udongo. Huu wa Fintan Geraghty ulinuka maziwa.

Si maziwa yaliyoungua. Hayo mkewe angeyatambua hata akiwa bustanini. Ilikuwa harufu ya vuguvugu, yenye uchachu kidogo, kama shingo ya mtoto mchanga aliyetoka kucheua. Assumpta alisimama mlangoni mwa jikoni, akaitazama trei yake ya kuchomea kuku ilivyojazwa udongo mweusi, akanusa, kisha akauliza kama mjukuu ameletwa chini. Hakuletwa. Muireann, mwenye umri wa wiki chache, alikuwa ghorofani na mama yake, Gráinne, aliyekuja kwao kupumzika baada ya kujifungua wakati mumewe akibaki Dublin na kazi.

"Basi ni huo udongo wako," alisema Assumpta. "Na hilo chujio langu la unga usilirudishe kabatini, Fintan. Kalizike."

Fintan alicheka. Alikuwa amestaafu majira ya kiangazi kutoka ofisi ya kodi ya magari ya kaunti, ambako watu walimjua kama yule bwana anayeweza kukurudishia fomu kwa kuwa umetia sahihi kwa wino wa kijani. Walimuaga kwa kumpa saa ya mezani, na wakamtaka aisainie. Sasa alikuwa anajenga reli ndogo, ya kwanza maishani mwake, na alikuwa ameamua itakuwa kituo cha Kilcarrow: mwisho wa njia, jukwaa moja, banda la mizigo, tangi la maji juu ya miguu yake ya mawe, na nyuma ya jukwaa tuta la udongo lenye miiba. Baba yake alikuwa mchukuzi hapo mpaka kituo kilipofungwa. Fintan alikikumbuka kwa macho ya mtoto, yaani alikumbuka zaidi miguu ya watu na magurudumu.

Wenzake wa chama cha reli ndogo kule Athlone walikuwa wamemwambia asinunue ule udongo wa vifuko vya dukani, una rangi ya biskuti. Achukue wa mahali penyewe, auchekeche, auoke ili wadudu wafe, ndipo aumwage juu ya gundi. Kila mtu hufanya hivyo. Fintan, kwa kuwa ni Fintan, aliomba ruhusa kwanza. Halmashauri ikamjibu kwamba tuta lile ni mali ya shirika la reli. Shirika likamjibu kwamba ni mali ya halmashauri. Barua ya tatu, kutoka ofisi ambayo hakuiandikia kabisa, ikathibitisha kwamba si la huyu wala la yule. Alizifurahia barua hizo kuliko mtu wa kawaida anavyofurahia barua, akachukua ndoo yake akaenda.

Aliujenga ubao wake katika chumba kidogo cha ghorofani, kilichotenganishwa na kitanda cha mtoto kwa ukuta mmoja tu. Udongo ulipokauka juu ya tuta lake dogo la plasta, rangi ilikuwa ile ile. Akaiweka injini kwenye reli, akazungusha kitufe. Ikatoka bandani, ikapita tangi la maji, ikafika mbele ya tuta, ikasimama.

Alisugua reli. Akasafisha magurudumu kwa spiriti. Akapima waya, umeme upo. Akiisukuma kwa kidole inakwenda. Akiiachia inasimama pale pale, kimya, taa yake ikiwaka, kama treni inayongoja abiria wapande. Mwanzoni hakujali sana. Treni za Kilcarrow halisi nazo zilisimama bila sababu, na hakuna aliyewahi kupewa maelezo.

Kisha kikaanza vituko kiredio cha kumsikilizia mtoto. Kilikaa jikoni kando ya birika, na mchana kutwa kilileta pumzi za Muireann kutoka juu. Alasiri moja Assumpta alikuwa anamenya viazi, akaacha. Pumzi zilikuwa mbili, zisizoendana. Akasikiliza zaidi. Zilikuwa nyingi, nyepesi, za haraka, zimesongamana kama za vifaranga ndani ya boksi. Gráinne alisema hiyo ni mitambo tu, inanasa redio ya mtoto wa jirani. Jirani wa karibu alikuwa Mattie Conneely, mfuga ng'ombe, kapera wa miaka sabini.

Wala hakuna aliyecheka, jambo ambalo Fintan aliliona baya zaidi.

Siku ya tatu au ya nne baada ya hapo, mchana wa Desemba ukiwa umeshaanza kufifia dirishani, alikuwa ameinamia ubao na brashi yake ndogo akipaka kutu kwenye tangi, aliposikia mtoto analia. Hakustuka, nyumba ina mtoto. Ila kilio kilitoka chini ya mikono yake. Aliinama akachungulia chini ya ubao, akaona waya zake na vumbi, na kilio sasa kikawa juu, ndani ya tuta lile lisilozidi ukubwa wa mkate, kikali, chenye njaa, kikipanda na kukatika na kupanda tena kwa namna aliyoijua kabisa kwa sababu kilikuwa kilio cha mjukuu wake hasa, na aliposukuma mlango wa chumba cha pili alimkuta Gráinne amesimama juu ya kitanda cha mtoto akiwa hana rangi usoni, na ndani ya kitanda Muireann amekunja ngumi, amekuwa mwekundu, machozi yanamtiririka, mdomo umeachama mpaka fizi zote zinaonekana, na mdomoni humo hakutoki kitu.

"Baba," Gráinne alinong'ona, "analilia wapi?"

Daktari alilikagua koo akalisifu. Alisema ni koo zuri sana, akawaandikia miadi ya kumwona bingwa mwezi Machi. Muireann hakuonekana kama mtu wa kungoja Machi. Alinyonya mpaka matiti ya mama yake yakalegea, na bado akabaki na njaa; kila asubuhi mikono yake ilikuwa myembamba kuliko jana. Gráinne hakutaka tena kumlaza, alimshika tu. Na Fintan, ambaye hakuwaambia watu wa nyumbani, alikuwa ameingia mle chumbani na kuuona udongo wa tuta umelowa, na katikati ya miiba yake ya waya matone meupe. Aligusa moja kwa kidole. Lilikuwa na joto.

Ndipo Assumpta alipompigia simu Mena Tuohy.

Mena alikuwa na dawa ya mkanda wa jeshi, ya kugusa tu kwa mkono, kama mama yake na bibi yake kabla yake, na nusu ya kaunti ilikuwa imepita chini ya mkono wake, akiwamo paroko na, ilivyosemekana, madaktari wawili waliopitia mlango wa nyuma. Fintan mwenyewe alipata mkanda huo miaka ya nyuma na ukapona, jambo alilolihesabu kuwa kazi ya dawa ya kupaka ambayo hakuwa ameifungua. Wenye mkono kama huo hawalipwi wala hawashukuriwi, hilo kila mtu analijua. Mkewe alimkumbusha tena ukumbini gari lilipoingia uani. Usimpe kitu. Usimwambie asante. Wewe hasa.

Mena aliingia na koti lake la mvua, hakulivua. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sura ya mtu aliyeacha sufuria motoni. Kwenye ngazi alisimama akanusa, akamtazama Fintan.

"Udongo umeutoa wapi?"

"Kilcarrow. Nyuma ya jukwaa." Na kwa kuwa alihisi analaumiwa, akaongeza: "Niliuliza. Hauna mwenyewe."

"Najua hauna. Ndiyo maana wakawekwa hapo."

Aliwaeleza palepale kwenye ngazi, kwa sauti ya chini, bila kuuangalia mlango wa chumba kidogo. Watoto waliokufa kabla ya kuguswa na maji ya ubatizo hawakuruhusiwa katika makaburi ya kanisa. Baba mtu alikuwa anambeba wake jioni ndani ya kasha, peke yake, anatafuta kipande cha mpakani ambacho shamba hili halikidai wala lile halikidai, anachimba, anarudi nyumbani, na hazungumzi tena. Baadaye ikaja reli ikamwaga tuta lake juu yao. Mena akamuuliza Fintan kama baba yake aliwahi kukaa upande ule wa jukwaa. Fintan alifikiri. Katika kumbukumbu zake zote, baba yake alikuwa amesimama upande wa pili, mgongo ukutani.

"Wanataka nini?" Assumpta aliuliza.

"Hawakuwa na sauti. Wamepata moja, wanapokezana." Akamgeukia Gráinne. "Huyu amebatizwa?"

"Fomu imekwama parokiani," alisema Gráinne. "Msimamizi wa ubatizo hajaleta cheti chake."

"Ee," alisema Mena. "Na hao walikwamia hapohapo."

Aliwataka waurudishe udongo wote kabla giza halijaingia, punje kwa punje, na trei na chujio pia. Halafu akaweka sharti, akamnyooshea Fintan kidole. Wakimaliza waondoke tu. Wasiage. Wasimshukuru yeye, wala wasiwashukuru wale. "Ukishukuru umemwambia mgeni mlango uko wazi."

Gundi ilikuwa imeshika vizuri. Fintan alifanya kazi safi. Alikwangua kwa kisu cha plasta, Assumpta akipokea kwenye kopo la biskuti za Krismasi, na kila alipochimba kilio kilisogea mbele ya kisu, kutoka tutani mpaka chini ya jukwaa, kutoka jukwaani mpaka ndani ya banda la mizigo ambalo alilijenga kwa wiki tatu na sasa akalivunja kwa kiganja, na injini ikaanza kwenda yenyewe, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa mwendo ule wa mtu anayebembeleza mtoto, na ilipopita karibu na mkono wake alihisi vitu vidogo laini vinamshika kidole, si kimoja, vinakishika kama watoto wachanga wanavyokishika kidole chochote wanachopewa, na Assumpta aliyemwona anavyohangaika kuuvuta mkono wake kutoka mahali pasipo na kitu alianza kuomba kwa sauti, akakosea maneno, akaanza tena.

Walifika Kilcarrow mwanga ukiwa umebaki mstari tu juu ya mashamba. Jukwaa lilikuwa limeota majani. Gráinne alibaki kando ya gari, mtoto ndani ya koti lake, mdomo wa mtoto ukiwa wazi bila sauti kama samaki. Fintan alimwaga udongo mahali alipouchota, akaweka juu yake chujio na trei. Mena alitoa mfukoni chupa ya limau iliyojaa maji, akanyunyiza juu ya tuta, akasema maneno machache ya ubatizo ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuyasema pakiwa na hatari, ila mahali pa jina alinyamaza, kwa sababu hakuna aliyewapa. Kisha akarudi garini, akamlowesha Muireann paji la uso, na mahali pa jina akasema Muireann.

Na Muireann akalia. Kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kelele za kuwaamsha kunguru kwenye paa la kituo, akalia kwa hasira ya wiki nzima, na Gráinne akakaa chini majanini, akicheka na kulia naye.

Fintan alikuwa bado amesimama mbele ya tuta, kofia mkononi. Alikuwa amemaliza barua kwa neno lile maisha yake yote, barua kwa watu aliowachukia, barua za kukataa.

"Asanteni sana," alisema.

Hata mtoto alisita, akavuta pumzi, akaendelea.

"Umemwambia nani?" aliuliza Mena.

"Wewe, Bi Tuohy."

"Mimi niko nyuma yako."

Mena aliwarudisha nyumbani, na hakuingia ndani.

Hata hivyo, mambo yalikaa sawa. Muireann alinenepa. Gráinne alirudi naye Dublin kabla ya Pasaka. Mwezi wa Machi bingwa aliandika kulalamika kwamba hawakufika. Cheti cha msimamizi kilipatikana, paroko akamwaga maji yake juu ya yale ya Mena, na karatasi zikawa kamili. Fintan alijenga upya banda na tuta, hili kwa udongo wa dukani, wenye rangi ya biskuti, na injini ikapita mbele yake bila kusimama, alasiri baada ya alasiri, mpaka akaacha kuitazama kwa hofu. Alimwita Assumpta ndoto zikimjia, halafu zikaacha kumjia.

Ilikuwa Oktoba, Jumapili, mvua inanyesha. Assumpta alifungua oveni ili atie mkate, oveni baridi ambayo haijawashwa tangu jana, akarudi nyuma hatua moja. Fintan aliiona sura yake kabla harufu haijamfikia.

Simu ikalia. Alikuwa Gráinne, anaongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejifungia chooni.

"Baba, usimwambie Mama. Ni Muireann. Tangu asubuhi anachezesha midomo, ananitazama, kama ameanza kusema neno. Nalisubiri neno. Halitoki. Baba? Halitoki kabisa."

Fintan aliinua macho darini. Juu ya kichwa chake, katika chumba kidogo, injini ilikuwa imeanza kwenda. Aliisikia inatoka bandani, inapita tangi la maji. Ikasimama.

"Babu," ilisema sauti ya mtoto kutoka hukohuko juu, safi, yenye furaha, ya mtu aliyelifanyia neno mazoezi.

Kisha pakapita kimya kifupi, cha kupeana nafasi, na sauti ileile ikasema tena:

"Babu."