Spika Iliyonguruma

Kila jioni, baada ya kufungia kuku na kuosha vyombo, Atyang aliingia chumba cha nyuma kuendelea kuunda spika yake.

Usidhani alikuwa anacheza. Mama yake, Anjeline, alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji chao, nje kidogo ya mji wa Malaba. Mvua kubwa ilikuwa imefurikisha visima kwa maji machafu, watoto wakaanza kuharisha, na mama akawa anashinda njiani akiwahimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Sasa sauti ilikuwa imemkauka. Siku ya soko ilikaribia, na hakujua angewaambiaje watu wote wale. Atyang, hodari wa sayansi katika Gredi ya Nane, akaahidi kumtengenezea spika.

Alichora umbo, akakata mbao, akafunga spika aliyoitoa kwenye redio kubwa iliyokufa. Shida ni kwamba, alipochora, alifikiria zile spika za muziki zinazokodishwa matangani. Huko kwao, spika isiyotingisha kifua watu huiona bure tu. Basi naye akaunda sanduku kubwa lenye tundu la kuongeza besi. Alipoliunganisha na betri na maikrofoni kuukuu, kisha akaweka muziki, sufuria ziligongana jikoni. Elungat, mwanafunzi mwenzake, alicheza mpaka kiatu kikamtoka.

Mama alifurahi, lakini akataka ijaribiwe kwanza na Nyanya Ajiko, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka. Akisikia yeye, soko zima litasikia. Kesho yake, mama akiwa kazini, Atyang aliweka spika barazani. Nyanya alikuwa ng'ambo ya uwanja akipepeta wimbi. Atyang akasema kwenye maikrofoni, "Chemsheni maji ya kunywa," kisha akakimbia kumwuliza amesikia nini.

"Nimesikia radi," Nyanya akajibu. "Maneno sikusikia, mjukuu wangu."

Atyang alinyong'onyea. Kazi yote ile, jamani. Akajiambia kwamba kibovu ni masikio ya Nyanya, si spika. Mama aliporudi na kuuliza, alimjibu kwamba Nyanya amesikia vizuri sana. Uongo ulimtoka kirahisi.

Siku ya soko ikafika. Mama akashika maikrofoni, akaongea kwa kile kisauti chake kilichobaki, na spika ikanguruma. Wauza samaki wa omena waligeuka, watoto wakaanza kukata viuno, na mama mmoja muuza vitunguu akauliza ni matanga ya nani. Mama Atyang akarudia maneno yake, akarudia tena. Hakuna aliyemwelewa.

Hapo Atyang akamwona yule muuza vitunguu akimmiminia mtoto wake maji kutoka kwenye mtungi, mbele kabisa ya spika. Akamkimbilia na kumwuliza kama yamechemshwa.

"Ni ya kisimani. Kwani yana nini?" mama yule akashangaa. "Si mngetuambia."

Atyang alisikia aibu. Alimweleza yule mama habari za visima, akamwona akiyamwaga yale maji, kisha akarudi kwa mama yake.

"Mama, Nyanya hakusikia kitu. Nilikudanganya. Niliogopa useme kazi yangu ni mbaya."

Mama alimtazama kwa huruma, hakumfokea. Alizima spika, akamwambia waanze kupita meza kwa meza, wawaambie watu kwa mdomo. Walipita hivyo mpaka soko likafungwa, na Atyang naye akarudi nyumbani bila sauti.

Kesho yake alilibomoa lile sanduku, kwani besi ndiyo iliyomeza maneno. Aliunda dogo, akaweka spika ndogo ya redio ya mkononi, na mbele yake akafunga mdomo mpana alioukata kwenye mtungi wa plastiki ili sauti ielekee mbali. Kila jioni alimwuliza Nyanya, na mara hii alisikiliza jibu. Siku ya kwanza Nyanya alisikia neno "maji" tu. Atyang akarekebisha. Mwishowe Nyanya aliinua kichwa kutoka kwenye ungo wake.

"Nimesikia. Mnataka nichemshe maji," akasema. "Sasa punguza, unanipigia kelele."

Spika hiyo haikutingisha kifua cha mtu. Elungat alisema inalia kama mbuzi. Lakini soko lililofuata, kila neno lilifika mpaka kwa wauza kuku kule mwisho, na yule mama wa vitunguu akainua chupa ya mtoto wake juu ili waione.

"Haya yamechemshwa," akasema.

Wakirudi nyumbani, mama alimshika Atyang mkono. "Sikukutuma kwa Nyanya ili akusifu," akamwambia. "Nilikutuma akuonyeshe kasoro ikiwa bado iko nyumbani, mahali ambapo unaweza kuirekebisha. Ulipoificha, tuliibeba mpaka sokoni, na aliyekaribia kuumia ni mtoto wa mwenzetu. Kosa la kazi halina aibu, mwanangu. Liseme mapema."

Atyang aliitikia, akaihamisha spika kwenye bega la pili, wakaendelea na safari.