Simu ya Geti la Nne

"Sindano, lori liko yadini tayari. Bunduki mia mbili. Likitoka, limetoka."

Ilikuwa sauti ya Shangazi, kwenye kidude cha sikioni. Hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa idara, na hakuna aliyethubutu kumwita vingine.

"Nimo ndani," alinong'ona Sindano.

Alikuwa ameketi sakafuni katika chumba cha mitambo cha yadi ya makontena, ovaroli ya fundi mwilini, kompyuta ya ThinkPad mapajani. Mbele yake swichi ya mtandao ilipepesa taa za kijani. Bastola ya Glock ilikuwa kiunoni. Hakukusudia kuigusa.

Miezi kumi na moja iliyopita, katika yadi hii hii, kaka yake aliwafuatilia wasafirishaji hao hao wa silaha. Simu za mkononi huachwa kwa walinzi, hivyo aliomba msaada kwa simu ya ukutani. Sindano ndiye aliyepokea.

Sekunde arobaini za sauti iliyokatwakatwa. Hakujua yuko geti lipi.

Walimkuta jioni, geti la nne. Amekwisha kupoa.

Watu walisema ni mtandao mbovu. Sindano hakubisha. Alinunua vitabu, akajifundisha. Swichi hupanga foleni: sauti hupita kwanza kwa kuwa haiwezi kungoja, mafaili hukaa nyuma. Siku ile, dakika sita kabla ya simu, mtu aliisukuma simu ya geti la nne nyuma ya mafaili, kisha akaijaza njia mafaili tele.

Alikagua kumbukumbu za swichi mara tatu. Nywila iliyotumika ilikuwa ya Mhandisi, mkuu wa mitambo wa yadi. Ndiye aliyelia kuliko wote mazishini.

Sasa vidole vyake viliandika bila haraka.

Amri za kufunga mageti: foleni ya kwanza.

Simu ya Mhandisi: ya mwisho.

Kisha akaanza kunakili picha za kamera za mwaka mzima. Njia ikafurika.

"Shangazi, tuma kikosi."

Ghorofani, Mhandisi aliyaona magari ya kikosi kwenye skrini ya kamera. Akarukia simu ya mezani, akampigia dereva wa lori kwenye simu ya ukutani yadini. Sindano alisikiliza kwa vipokea sauti.

"Dere— usi— ge—"

"Bosi? Sikupati!"

"Ru— nyu— wame—"

"Aa, bosi, unatafuna simu au unaongea? Mimi natokea geti la nne, kama tulivyopanga!"

Lori lilipofika, Sindano akabonyeza kitufe. Geti la nne likajifunga mbele yake. Geti la ndani likajifunga nyuma yake.

"Tumewapata wote," alisema Shangazi. "Risasi sifuri."

Sindano akapanda ngazi.

"Wee fundi! Simu imekufa, itengeneze upesi!"

"Haijafa, Mhandisi. Inangoja zamu yake."

Mhandisi akamtazama vizuri. Mkono wa simu ukashuka.

"Wewe ni mdogo wake… Dada, nisikilize, walinitisha—"

"Kaka nilimsikiliza sekunde arobaini."

Akamfunga pingu, akamkabidhi kwa askari wawili mlangoni. Kisha akarudi kwenye swichi, akasimamisha kunakili, akarekebisha mstari mmoja: simu zote, foleni ya kwanza.

Alitembea hadi geti la nne, akainua simu ya ukutani.

"Shangazi, unanipata?"

"Kama umeketi mezani kwangu. Uko wapi?"

"Geti la nne."

"Nimesikia, mwanangu."

Sindano akairudisha simu taratibu. Akachukua simu yake ya mkononi kwa mlinzi, akasaini daftari, akatoka.

Hakugeuka nyuma.