Vifuniko vya Sahani Sita

"Yale macho yako barabarani," redio ya Motorola ilikoroma sikioni. "Saa nne kamili yawe mezani. Usinijie mikono mitupu."

"Nimekusoma, Mkuu."

Sindano, mpelelezi wa siri, hakuwahi kuongeza neno. Kwenye taa za barabarani, mwanamume mwenye koti la kijivu alifungua mlango wa gari la maabara alilokuwa akilisindikiza, akanyakua kisanduku cheupe na kutokomea ndani ya jengo la kuegeshea magari.

Sindano aliitupa pikipiki yake ya Yamaha ukingoni, akachomoa bastola ya Glock na kumfuata.

Kisandukuni mlikuwa na sahani sita za plastiki, kila moja ina kifuniko chake. Ndani yake zilioteshwa seli za jicho la binadamu. Tatu zilitiwa maji matupu. Tatu zilitiwa Macho Mapya, matone yaliyouzwa kila mahali kama dawa ya mitishamba. Idara yake ilishuku yamechanganywa na steroidi, dawa kali inayoondoa wekundu haraka. Saa nne baraza la dawa lingezitazama seli hizo kwa hadubini, kisha liamue: marufuku au ruhusa. Chupa laki mbili zilikuwa mpakani zikisubiri jibu.

Chupa nyingine ilikuwa tayari nyumbani kwa mama yake Sindano.

Aliinunua yeye mwenyewe. Mama alilalamika macho yanawasha. Siku ya pili wekundu ukaisha, akambariki mwanawe. Basi Sindano akawa anatuma chupa kila mwezi, miaka miwili, kwa kuwa kazi haikumruhusu kwenda. Chupa ndizo zilizomtembelea mama badala yake. Sasa jicho la kushoto lilikuwa giza. Alipomwambia aache, mama aliuliza, "Nani kakwambia?" Kwa mama, Sindano alikuwa muuza miwani. Idara hakuruhusiwa kuitaja, na usiku ule hakula.

Ghorofa ya tatu. Mwenye koti alikuwa ameketi kwenye ngazi, kisanduku magotini.

"Chukua, kaka. Mimi sitaki makubwa."

Sindano alimfunga pingu kwenye chuma cha ngazi. Jamaa alitabasamu.

"Wahi. Utachelewa kikao."

Sindano alisita. Miaka kumi na moja kazini, hakuwahi kukumbushwa saa na mwizi.

Alifungua kisanduku. Sahani sita, nzima. Vifuniko vitatu viliandikwa MAJI, vitatu MATONE. Kila kitu sawa. Kisha akaitazama mikono ya jamaa. Vidole vilikuwa vimeloa maji mekundu.

Alimpigia fundi wa maabara.

"Dada, ninazo zote. Ila mwizi ana maji mekundu vidoleni."

Fundi alijibu mara moja. "Hayo ni maji ya kulishia seli. Kafungua vifuniko."

"Achukue nini?"

"Hakuchukua. Kavihamisha. Baraza litaona matone yanastawisha seli, maji ndiyo yanaziharibu. Wataipa kampuni ruhusa kwa makofi."

Saa ya Casio ilisema saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

"Tutajuaje ipi ni ipi?"

"Inyanyue moja, usiinamishe. Chungulia chini. Bibi aliyenifundisha kazi alinichapa vidole kwa rula nikiandika kifunikoni tu. Kifuniko huhama, alisema, kitako hakihami."

Sindano aliinyanyua sahani ya MAJI. Chini yake, kwa wino mdogo mweusi: *matone 2*.

Alicheka peke yake. Kazi yake haikumruhusu kumsimulia mtu.

Chumba cha baraza, ng'ambo ya barabara, kilinukia karatasi mpya. Mwakilishi wa kampuni, mgeni mwenye tai ya buluu, alikuwa ameshafungua kalamu. Fundi naye alikuwa amefika, koti lake jeupe limefungwa vifungo vibaya kwa haraka.

"Msisome vifuniko," Sindano alimwambia mwenyekiti. "Someni chini."

Mwenyekiti, mama wa makamo, alisoma chini. Kisha akainamia hadubini kwa muda mrefu.

"Hizi za maji zimesongamana vizuri," alisema. "Hizi za matone ni chache. Mbona zimevimba?"

"Steroidi imezuia zisigawanyike," fundi alijibu. "Seli hizi ndizo chujio la jicho. Zikivimba na kujaza takataka, maji ya jicho hayatoki. Presha inapanda, mshipa wa kuonea unakufa. Wala hauumi, ndiyo maana watu wanaendelea kutia."

Mgeni alifunga kalamu na kuinuka. Mlangoni walikuwapo askari wawili.

"Marufuku," mwenyekiti alisema. "Itangazwe leo hii."

Watu walipogeuka kumshukuru aliyeleta kisanduku, kiti chake kilikuwa kitupu.

Nje jua lilikuwa kali. Sindano alivaa miwani ya Ray-Ban, akapiga simu.

"Mama, yale matone yamepigwa marufuku. Utasikia redioni saa saba. Yamwage."

"Ndiyo kwanza nimefungua chupa." Kifuniko kilisikika kikifungwa. "Basi sitapata tena kitu kutoka kwako."

"Nakuja mwenyewe. Nikupeleke kwa daktari, tuliokoe jicho la kulia."

Redio ilikoroma. "Sindano, kuna mzigo mwingine. Upande wa kaskazini. Sasa hivi."

Aliichomoa sikioni, akaizima na kuitia mfukoni.

"Kweli unakuja?" mama aliuliza.

"Leo hii."

"Ukifika mlangoni sema ni wewe, mwanangu. Siku hizi sura sizioni vizuri."

"Nitasema, Mama."

Alikata simu, akavuka barabara bila haraka na kwenda kuiokota Yamaha yake.