Manyoya Ndani ya Mkebe wa Kalamu

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Sarvinoz alimpelekea bibi yake kitana chenye kishungi cha manyoya meupe. Bibi Hosiyat huwa ukumbini akidarizi kofia, miwani imemteremka hadi ncha ya pua.

"Umemchana Momiq?"

"Nimemchana, Bibi. Tazama."

"Mashallah! Mikono yako ibarikiwe, mwanangu."

Kumbe kishungi kilikuwa kile kile cha jana na cha juzi. Momiq alikuwa paka wa manyoya marefu, na baridi ya mji wao wa Margilan ikiisha, manyoya humtoka kwa wingi. Asipochanwa, huyameza anapojilamba. Lakini akikiona kitana tu, anageuka chui. Mikwaruzo mitatu ilimtosha Sarvinoz. Manyoya ya siku ile ya mwisho akayaficha ndani ya mkebe wake wa kalamu, akawa anayapachika kwenye kitana kila siku.

Mambo yangeendelea hivyo kama asingekuja Muhlisa, binti wa shangazi yake, mtoto wa miaka tisa. Aliletwa kwa Bibi baada ya mama yake kulazwa hospitalini. Siku aliyofika, Momiq alimzunguka mara mbili, akampandia mapajani, akalala. Sarvinoz aliyemlisha paka yule tangu akiwa mdogo kama ngumi hakuwahi kupewa heshima hiyo.

"Jamani, paka mzuri hivi!" Muhlisa alishangilia. "Sijaona mzuri kama huyu!"

Wivu ukamkaa Sarvinoz kooni kama mwiba wa samaki. Kila akirudi kutoka shule alimkuta Muhlisa amelowesha viganja kwa maji, anampapasa Momiq taratibu, naye paka amefumba macho anakoroma. Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Mwache paka wangu! Huko kwenu hakuna paka?"

"Nampapasa tu, dada."

"Usimpapase. Ukimgusa tena nitamwambia Bibi unamtesa."

Muhlisa akaondoa mikono, asimguse tena.

Wiki mbili baadaye, Momiq alianza kukohoa. Alijikunyata, akanyoosha shingo, akakohoa kikohozi kikavu, na hakutoa kitu. Siku ya pili hakula hata kipande cha nyama. Bibi Hosiyat akaacha sindano yake.

"Huyu kapatwa na jicho," alisema. Akafikiri kidogo. "Muhlisa, siku ile ulipomsifu, ulisema 'jicho baya lisimpate'?"

Muhlisa akatikisa kichwa. Katika nyumba ile hata mkate ulioiva vizuri hausifiwi bila maneno hayo.

Bibi akawasha majani makavu ya isiriki, mmea wa kufukuzia jicho baya, akayazungusha juu ya paka hadi ukumbi ukajaa moshi. Momiq akazidi kukohoa. Jioni ile Sarvinoz alimsikia Bibi jikoni akiongea na mkwewe, mama yake Sarvinoz, aliyekuwa na mtoto mchanga.

"Simchukii mtoto, yeye ni damu yangu. Lakini jicho likianza kwa paka, huishia kwa kichanga, na wewe unanyonyesha. Kesho nitampeleka kwa ndugu za baba yake."

Nataka kusema kwamba Sarvinoz alihuzunika, lakini nitakuwa mwongo. Alifurahi, tena sana. Alijiona tayari na Momiq mapajani, peke yao.

Asubuhi alimkuta Muhlisa mlangoni na mfuko wa nguo zake. Watu aliokuwa akipelekwa kwao hakuwajua hata kwa sura. Hakulia. Alisema tu, "Dada, Momiq akipona utaniambia? Sikumtakia mabaya, wallahi."

Momiq alikuwa chini ya kitanda cha kichanga. Sarvinoz alimwita, hakuinua hata sikio. Ndipo furaha yote ilipomtoka. Alikimbia chumbani, akarudi na mkebe, akaufungua mbele ya Bibi.

"Hakuna jicho, Bibi. Sijamchana tangu theluji ilipoyeyuka. Manyoya niliyokuwa nakuonyesha ni haya haya. Muhlisa alikuwa akiyatoa kwa viganja vyake, mimi nikamkataza. Nilimwonea wivu."

Bibi aliufunga mkebe. Kisha akavaa mtandio, akamfunga paka ndani ya shuka, wakaenda yeye, Sarvinoz na Muhlisa kwa Daktari Ergash, mganga wa mifugo.

Daktari alimbonyeza Momiq tumbo. "Kajaa manyoya. Mngechelewa kidogo ningempasua." Akampa dawa laini, akakaa naye hadi adhuhuri, na donge refu kama kidole likatoka.

"Sasa nani anamchana?" aliuliza.

"Hataki kitana," Sarvinoz alijibu, macho chini.

"Basi kitana cha nini? Lowesheni viganja. Ngojeni ashibe, asinzie, mumpapase mara tano sita. Akianza kupiga mkia, acheni, endeleeni kesho. Na apate majani mabichi ya kutafuna."

Majani yalikuwepo. Sinia moja ya ngano waliyoichipusha kwa ajili ya sumalaki, uji mtamu wa Navruzi, sikukuu ya mwaka mpya, ilikuwa imechelewa na kugeuka kijani, haifai tena kwa sufuria. Bibi alitaka kuitupa, sasa akaiweka karibu na bakuli la paka.

Siku ya tatu Momiq alikula akashiba, akalala mapajani mwa Muhlisa. Mwiba ukamchoma tena Sarvinoz kooni, kidogo. Hata hivyo alilowesha viganja, akaketi kando ya binamu yake, akapapasa mara tano. Mkia ulipotikisika, akaacha. Akampelekea Bibi manyoya machache mno kiganjani.

"Ni haya tu, Bibi."

"Haya yananitosha, kwa kuwa ni ya leo," Bibi Hosiyat alisema. Akamvuta Muhlisa karibu, akambusu kichwani. "Nisamehe, mwanangu. Nilikusingizia." Kisha akamgeukia Sarvinoz. "Wivu humwingia kila mtu, hata mimi bibi yako. Ukiuona, useme mapema. Ukiuficha utakufanya mwongo, na uongo wako utamuumiza asiye na kosa. Nilifukiza nyumba nzima kutafuta jicho baya kwa mgeni, kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Akachukua kitana kwenye rafu, akakitia ndani ya kapu la nyuzi zake, akaendelea kudarizi.